Koti Lililolala Nyumbani Kwangu

Mwaka 1996, mvua ndefu zikiwa zimekolea na mimi nikiwa na umri wa miaka arobaini na saba, kanisa letu la Uriri liliniomba niwashonee vijana mavazi ya ngoma na nimchague atakayecheza nafasi ya mzee. Ombi hilo lilitolewa Jumapili, tarehe 14 Aprili, baada ya ibada. Naitaja tarehe kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba nilijipenyeza mwenyewe. Sikujipenyeza. Niliombwa mbele ya watu wote, na katekista akawa wa kwanza kupiga makofi.

Vijana wetu walikuwa waende Homa Bay Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, wacheze pamoja na vijana wa makanisa mengine. Homa Bay ndiko nilikozaliwa, kando ya ziwa, na ndiyo maana huku Uriri nilikoolewa hakuna aliyeniita kwa jina langu. Waliniita Nyar Nam, binti wa ziwani. Nilitaka watu wa kwetu waone kazi ya mikono yangu. Hilo nalikiri bila haya.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya harusi. Mstari wa wasichana, mstari wa wavulana, maharusi katikati. Na katikati ya utaratibu huo wote anaingia Mzee Asiyealikwa. Huyo anawakosoa wapiga ngoma, anaonja chakula cha wenyewe, anawapanga upya wachezaji, na mwishowe ndiye anayeongoza mchezo huku mwenye harusi akimfuata. Mzee akipwaya, ngoma nzima imelala.

Tulifanya majaribio Jumamosi, tarehe 20 Aprili. Mwalimu wa vijana, kijana mpole aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alikuwa tayari na mtu wake: mwana wa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mvulana mrefu, sauti imekwisha kuvunjika. Nikasema kila anayetaka ajaribiwe. Jaribio langu lilikuwa moja: ingia katika harusi ambayo hukualikwa, usalimie watu.

Wavulana sita waliingia mmoja baada ya mwingine, wote wamepinda mgongo, wote na fimbo, wote wakikohoa. Vijana hudhani uzee ni kikohozi. Wa saba alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mtoto wa mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Muhuru Bay na kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Hakuwa na fimbo. Alisimama mlangoni akavitazama viti vyote, akakichagua kile alichokalia mwalimu, akaenda kusimama mbele yake bila kusema neno. Mwalimu akatazama kulia, akatazama kushoto, akainuka. Msichana akakipangusa kiti kwa kiganja, akaketi, akanyoosha miguu, ndipo akauliza:

"Nyama ni ya mbuzi, au mmetuitia kuku?"

Tulicheka hadi mpiga ngoma akaangusha fimbo zake. Mwalimu alipotulia akaninong'oneza, "Lakini, Mama, huyu ni msichana."

"Nimeona."

"Na mzee ni mwanamume."

"Na kiti ulichompisha sasa hivi, ulimpisha nani?"

Nikaandika jina la msichana katika daftari langu, na tarehe.

Sasa nilihitaji koti. Kwetu mzee hatoki hadharani bila koti, hata jua likiwaka namna gani, na mtu mzima akimwona mzee wa maigizo aliyevaa shati tupu, atajua mara moja kwamba anadanganywa. Katekista akatangaza kanisani kwamba mwenye koti kuukuu aliazime au alitoe kwa ajili ya vijana. Jumanne, tarehe 30 Aprili, yaliletwa nyumbani kwangu makoti saba. Moja lilikuwa la mwalimu mkuu wa shule. Moja lilikuwa la katekista mwenyewe. La saba, kubwa, jeusi, lenye mabega mapana, lililetwa na mke mdogo wa shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu.

"Mwenyewe anasema ulitundike vizuri," aliniambia, akakataa hata kuketi.

Mvua ilikuwa imewanyeshea wote waliokuja. Nikafunga kamba kutoka dirisha hadi mlango wa chumba cha mbele nikayaanika makoti yote saba, yakauke nipate kuyapima asubuhi. Mtu asiyetoka kwetu hataona kosa hapo. Mimi mwenyewe sikuliona, na nina sababu ya kujilaumu, maana mila niliijua.

Mila ni hii. Mwanamume akifa, nduguye humrithi mjane, na shamba na nyumba vinabaki chini ya mkono wa huyo mrithi. Watu wa makanisa walipoanza kuona haya kuifuata wazi, wapo walioifupisha: koti la mwanamume hutundikwa ndani ya nyumba ya mjane, likalala humo mpaka alfajiri, na mjane huhesabiwa amerithiwa. Koti hushika nafasi ya mtu. Hakuna anayemuuliza mwanamke, kwa sababu hakuna kilichotendeka. Na kwa kuwa hakuna kilichotendeka, hawezi kukataa.

Mume wangu alifariki Jumatano, tarehe 11 Septemba 1991. Shemeji alitumana kwangu mara tatu kuhusu kurithiwa, na mara zote tatu nilijibu hapana. Sikumkataa kwa kiburi cha kanisa peke yake. Mwaka 1990, nilipofanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikibanana dawati na watoto wa majirani zangu, mume wangu alinichungia mbuzi siku zote za mtihani. Mwanamume mzima, na kofia yake, nyuma ya mbuzi sita kando ya barabara, watu wakimwuliza kama mkewe amekufa. Akawajibu, "Yuko kazini." Mwanamke aliyeishi na mtu wa namna hiyo haazimwi kwa mwingine.

Asubuhi iliyofuata, Mei mosi, sikukuu ya wafanyakazi, shemeji alibisha hodi kabla sijafagia ua. Alikuwa mtu wa kujipenda: viatu vinang'aa hata wakati wa matope, leso mfukoni. Alichungulia ndani, akaiona kamba na makoti.

"Yuora," aliniita, shemeji kwa lugha yetu, "koti langu limelala vizuri?"

"Limelala kama mengine, yuora."

Akacheka, akaomba uji. Nikampa. Nani humnyima shemeji uji asubuhi? Akaunywa wote kwa starehe, akaenda zake.

Katika yale makoti saba, lake ndilo lililofaa. Nililifanyia kazi kuanzia siku hiyo hadi Jumamosi. Nilikata mikono, nikaacha ncha za bitana zichungulie. Ndani nilishonea mto wa pamba kuwa kitambi. Mgongoni nikabandika kiraka chekundu chenye umbo la figo, na kwenye pindo, kuzunguka lote, nikatunga vizibo vya chupa za soda vilivyotobolewa kwa msumari, ili mzee akitikisa mabega koti zima liitike. Msichana alipolivaa mara ya kwanza alitembea kutoka mashine yangu ya kushonea hadi mlangoni na kurudi, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya mzee, akiniita bibi kwa lugha yetu:

"Dani, ni mimi ninayelivaa koti, au koti ndilo linalonivaa?"

Nilijua pale pale kwamba Homa Bay watamkumbuka.

Jumapili ya tarehe 19 Mei, baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa alinishika mikono yote miwili. "Umeamua vizuri, Nyar Nam. Miaka mitano ni mingi."

"Nimeamua nini?"

"Usijifiche. Mwenyewe amesema sokoni. Koti lake limelala kwako, na asubuhi ukampikia uji."

Nimewahi kukasirika maishani mwangu, lakini hasira ile sikuwahi kuijua. Haikunipandisha sauti. Ilinipoza mikono. Nilikwenda moja kwa moja kwa katekista, nikidhani nakwenda kwa shahidi wangu, maana koti lake nalo lilikuwa kwenye kamba ileile. Nikamkuta ameshakutana na kamati. Kwa mila, waliniambia, nilikuwa nimerithiwa. Na kwa kanisa, kurithiwa na mwanamume mwenye wake wawili ni dhambi. Kwa hiyo nisimamishwe kazi ya vijana mpaka ijulikane mimi ni mke wa nani.

"Katekista," nilisema, "koti lako lilikuwa wapi tarehe hiyo?"

"Langu lilikuwa la mchezo, Mama."

"Na nani aliyeyauliza makoti yakasema lipi la mchezo?"

Mwenyekiti ndiye aliyenijibu, kwamba kamati haina ugomvi na mimi, ila inalinda jina la kanisa. Na kwa kuwa kazi ya mavazi ilikuwa imesimama, nafasi ya Mzee nayo ingerudi kwa mwanawe, atafutiwe koti lisilo na maneno. Hivyo ndivyo msichana alivyonyang'anywa nafasi yake kwa kosa ambalo hata mimi sikulitenda. Mamake alikuja kwangu Jumatatu na beseni la omena kichwani, akalitua, akasema, "Mtoto hali. Amekaa nyuma ya nyumba anatembea kizee peke yake."

Jumanne, tarehe 21 Mei, nilimwandikia chifu malalamiko ya kurasa mbili. Nilieleza kwamba shemeji yangu anadai kunirithi bila idhini yangu, kwamba tayari amepeleka watu kupima shamba la miwa ambalo marehemu aliniachia, na kwamba naomba itamkwe rasmi mimi si mke wa mtu. Karani wa chifu alipoisoma barua akaniuliza nani ameniandikia.

Kesi ilipangwa Alhamisi, tarehe 27 Juni. Mwezi mzima nilijitayarisha kwa hoja moja niliyoiona haina tundu. Nilikuwa na hofu moja pia: koti. Chifu aliagiza liletwe, na mimi nilikuwa nimelikatakata. Nilijua shemeji atadai fidia, na kwamba kila aliyelitazama angeona mwanamke mkorofi aliyeiharibu mali ya mtu. Nililikunja nikalitia ndani ya gunia, nikalibeba mwenyewe.

Ofisini walikuwapo chifu na sare yake ya kaki, wazee wawili wa kijiji, karani, katekista, shemeji, na mama wa msichana kama shahidi wangu. Nje walikuwa wamejaa watu waliokuja kujaza fomu za vitambulisho, na madirisha ya ofisi hayakuwa na vioo. Shemeji alikuja na shati jeupe na tai.

Nilipopewa nafasi nikasema: "Makoti yaliyolala kwangu tarehe 30 Aprili yalikuwa saba. Kama koti linaoa, basi niliolewa na wanaume saba kwa mkupuo mmoja, mmojawao mwalimu mkuu, na mwingine huyu katekista aliyeketi hapa, ambaye mkewe ndiye aliyenisaidia kufunga kamba. Ama mnipe waume wote saba, ama msinipe hata mmoja."

Dirishani walicheka. Chifu naye alificha mdomo. Lakini mzee mkubwa kati ya wale wawili hakucheka.

"Nyar Nam," alisema polepole, "maneno yako ni matamu. Lakini hayo sita wenyewe hawakukusudia. Huyu anasema alikusudia. Koti hufuata nia ya mwenyewe."

"Na nia yangu, jaduong'?" nilimwuliza, nikimwita mzee kwa heshima.

"Ya kwako haiulizwi."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. Hoja yangu ya mwezi mzima ikafa pale mezani. Nilitazama shamba langu likiondoka, na nyumba, na mashine ya kushonea, na mbuzi, na hata kumbukumbu ya yule mtu nyuma ya mbuzi. Mama wa msichana alinigusa goti.

Yule mzee akamgeukia shemeji. "Lakini na wewe nina swali. Koti lililala. Ukaja, ukanywa uji. Sawa. Mbona ulitoka bila koti?"

"Niliacha litunze nyumba, jaduong'."

"Sivyo. Mwanamume huamka akavaa koti lake akatoka nalo mbele za watu, wakamwona limemkaa. Hapo ndipo jambo hukamilika. Bado hujakamilisha."

"Basi nitakamilisha leo," alisema shemeji, akainuka, akakaza tai. "Yuora, nipe koti langu."

Chifu alinitazama. Sikuwa na la kufanya ila kufungua gunia. Nililivuta koti kwa kola, na kabla halijatoka lote vizibo vilianza kulia. Likaja na kitambi chake, na mikono yake iliyochanika, na ile figo nyekundu mgongoni. Nikalitandaza juu ya meza ya chifu, nikarudi nyuma hatua moja.

Kisha dirishani mwanamke mmoja akapiga kelele, "Avae tumwone!"

"Jaduong', tikisa kidogo!"

"Bwana harusi huyoo! Mpisheni!"

"Ameliharibu koti langu!" shemeji alinguruma. "Chifu, umeona? Ameliharibu!"

"Kumbe ni lako," chifu alisema.

"Lilikuwa..."

"Mzee amesema mwenye koti alivae, atoke nalo mbele za watu. Watu wapo. Kama ni lako, livae, na mimi nitaandika kwamba jambo limekamilika. Fidia yake utamdai mkeo."

Angelivaa tu, kwa muda wa kutoka mlangoni hadi barabarani, angekuwa na kila kitu. Nilimwona akilihesabu hilo. Alinyoosha mkono akagusa bega la koti, na vizibo vikaitika, na nje wakaanza kupiga makofi ya ngoma, taratibu, kama wanavyomwitia mchezaji uwanjani. Akaitazama tai yake. Akavitazama viatu vyake. Akauondoa mkono.

"Hili si koti langu," alisema.

"Rudia, karani aandike."

"Si langu! Sijawahi kuwa na koti kama hili. La mchezo wa watoto hilo."

"Andika," chifu alimwambia karani. "Mlalamikiwa amesema koti si lake. Kwa hiyo hakuna koti lake lililolala kwa mlalamikaji. Shauri limekwisha. Katekista, kamati yako ina swali jingine kwa huyu mama?"

"Hakuna, chifu," katekista alijibu. "Aendelee na vijana. Na mavazi yabaki kama alivyoyapanga."

Shemeji alitoka bila kumuaga mtu. Wengine wangeridhika, na najua nilitarajiwa niridhike. Lakini karani aliponisogezea kitabu cha mashauri nikasoma alichokiandika, mstari kwa mstari, na maneno yangu hayakuwamo. Miaka mitano nilikuwa nimesema hapana, na shauri langu lilikuwa limekatwa na hapana ya mwanamume aliyeogopa kuchekwa.

"Ongeza," nilisema. "Mjane alisema hapana."

"Mama, shauri umeshinda," karani alinijibu. "Na ukurasa umejaa."

"Kuna nafasi pembeni."

Alimtazama chifu. Chifu akainua mabega. Karani akaandika pembeni, kwa herufi ndogo zilizopanda kama ngazi: *Mjane alisema hapana.* Kisha akafungua kidau cha wino akakielekeza kwenye kidole changu gumba. Nikakifunika kidau, nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikatia sahihi kamili, na chini yake tarehe: 27 Juni 1996.

Nje, msichana alikuwa amepanda juu ya jiwe chini ya dirisha. Alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mikono yote miwili, nami nikampa koti. Akalivaa pale pale, juu ya sare ya shule, akajipangusa mabega, akawatazama wale watu wa fomu mmoja mmoja mpaka mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akainuka akampisha.